Uso ni wa Aliyeuanza

"Huyu ni wangu. Weka chini hiyo sponji."

Wifi alisema hivyo kioo cha mkono kikiwa tayari kwapani mwake, maana alikipora kwanza ndipo akafungua mdomo. Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita. Kama hukuwepo, si neno, ingia utafute pa kusimama.

Mahali ni chumba cha mshonaji, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, pasi nzito juu ya kigae, nguo za watu kwenye misumari, na pazia la maua linaloficha chumba cha nyuma. Mshonaji mwenyewe amekaa kitini, taulo mabegani, nusu ya uso imepakwa na nusu haijaguswa. Kwenye benchi yuko bibi mmoja, mwalimu mstaafu, anayesubiri zipu ya sketi yake. Tangu wifi aingie, bibi huyu ameacha kuiulizia zipu.

Mwenye sponji ni Mama Pacha. Hakuiweka chini.

"Wako tangu lini?" aliuliza.

Wifi akajibu kwamba tangu Jumanne, alipopita hapa akampaka mshonaji poda mgongoni mwa kiganja ili waone rangi inavyokaa. Kama kuna anayebisha, mshonaji si huyo hapo, aulizwe.

"Kiganja si uso," Mama Pacha alisema. "Na sheria unaijua, wifi yangu, tuliisoma benchi moja. Uso ni wa aliyeuanza."

Bibi wa zipu akasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba sheria hiyo ina akili.

Sheria ilikuwa ya Kiongozi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, aliyewaingiza wote wawili katika kazi ya kuuza vipodozi mlango kwa mlango. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita. Aliwafundisha mambo machache, akayarudia mpaka wakayaota. Usianze na bidhaa, anza na kidonda. Kila mwanamke ana mahali usoni mwake anapopaficha. Patafute, paguse kwa kidole, kisha nyamaza. Halafu mpake nusu ya uso tu, ile nusu yenye kidonda, umpe kioo ajitazame. Nusu ya pili usiiguse mpaka atie sahihi kwenye fomu ya kununua. Hakuna mwanamke, alisema Kiongozi, atakayekubali kutoka nje akiwa watu wawili.

Mama Pacha alipoyasikia hayo siku ya kwanza, aliona haya. Mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa rafiki yake wa shule. Alijikuta anasema "samahani kwa usumbufu" mara nne, akatoka bila kufungua sanduku. Mlango wa pili mwenye nyumba alikimbilia bafuni, akamtuma binti yake mdogo aje kusema mama hayupo. Mtoto akaja, akasema, "Mama amesema hayupo."

Mlango wa tatu ulikuwa wa mjane. Mama Pacha alimtazama, akanyoosha kidole, akamgusa chini ya jicho.

"Hapa ndipo msiba ulipokaa," alimwambia. Akanyamaza.

Mjane alitia sahihi huku analia. Na Mama Pacha, akishuka ngazi na karatasi mkononi, hakuona haya tena. Aliona njaa.

Tangu siku ile alikwishapata tisa. Karani alimpata kwa chunusi zake, mpishi wa hoteli kwa kidevu chake, msichana mmoja aliyekuwa karibu kuolewa alimpata kwa neno moja tu kuhusu pua. Alikuwa anatembea barabarani na haoni tena nguo, wala nyumba, wala magari. Anaona nyuso, na kwenye kila uso anaona mlango wa kuingilia.

Sasa alimtaka wa kumi, na alimtaka kabla ya saa kumi alasiri. Kiongozi alikuwa na kibanda cha kuuzia vipodozi kando ya barabara kuu, na nyuma ya kibanda kulikuwa na chumba. Dirisha moja, sakafu ya saruji, mlango wenye kufuli. Mwuzaji mpya atakayekuwa wa kwanza kufikisha sahihi kumi leo, kabla ya saa kumi, angepewa kibanda na ufunguo.

Wengine walikitaka kibanda. Mama Pacha alikitaka chumba. Miaka sita alikuwa anaishi katika nyumba ya mama mkwe, na katika nyumba ile kitu cha pekee alichoruhusiwa kukiita chake ni uchovu. Hakuruhusiwa hata kumshonea mumewe kifungo. Mama mkwe alivishona mwenyewe vifungo vya mwanawe, kwa uzi mweusi, hata kwenye shati jeupe. Tangu mume aondoke, miezi minane sasa, kwenda huko mbali kwenye kazi ya barabara, mambo yalizidi. Mume alituma ujumbe kila Ijumaa kusema mtandao unasumbua. Mama Pacha na pacha wake wa miaka mitano walihamishiwa stoo, kati ya magunia ya mkaa na baiskeli mbovu. Kosa lake lilikuwa kufungua mlango usio wake asubuhi moja. Mlango huo tutaufikia.

Wifi chumba alikuwa nacho, tena chenye kabati la kioo. Alikitaka kibanda kwa sababu Mama Pacha alikitaka. Naye pia alikuwa na tisa.

Saa ya ukutani ilisema tisa na robo.

Wakaendelea kurushiana maneno juu ya kichwa cha mshonaji. Wifi akasema mtu anayelala na mkaa hawezi kumfundisha mtu usafi wa uso. Mama Pacha akamjibu kwamba mkaa unatoka kwa maji, lakini tabia ya kudoea wateja wa watu haijapatiwa sabuni. Bibi wa zipu akausogeza pembeni mkono wa shati jeupe la mwanamume uliokuwa unaning'inia sikioni mwake, asije akakosa neno.

"Nipeni kioo," mshonaji alisema.

Alisema taratibu, na wote wakanyamaza. Mwanamke huyu alikuwa mzito wa kusema. Kila mtu mtaani alimjua kwa mikono yake, na kila mtu alijua kitu kimoja kumhusu na hakukitaja. Kwenye shavu la kushoto, kutoka juu ya mfupa mpaka tayani, alikuwa na kovu la moto. Lilikuwa na ncha upande mmoja na mapana upande wa pili. Usingehitaji kuambiwa kwamba ni alama ya pasi.

Mama Pacha, nusu saa iliyopita, alikuwa ameligusa kwa kidole. Mshonaji hakushtuka. Alisema tu, "Funika."

Na Mama Pacha alifunika. Krimu nzito kwanza, kisha nyingine nyepesi, kisha poda, akisawazisha kingo kwa sponji yenye unyevu. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Wifi, apende asipende, alikitoa kioo kwapani.

Mshonaji alijitazama. Aligeuza shingo kushoto, akairudisha, akaigeuza tena.

"Miaka kumi na saba," alisema.

Mama Pacha akaijua sauti ile. Ndiyo sauti wanayotoa kabla ya kuomba kalamu. Akaitoa fomu, akaiweka juu ya paja la mshonaji. Wifi naye akaijua. Akakimbilia mlangoni, akaita kuelekea ngazini.

"Mama, panda."

Mama mkwe akapanda.

Aliingia na mwavuli wake na harufu yake, amepakwa poda kutoka kwenye mstari wa nywele mpaka kwenye kola. Wajukuu zake wenyewe walimwita Bibi Poda, akiwa mbali. Miaka sitini na mbili, na hakuna jirani aliyewahi kumwona bila uso wake wa mchana. Mshonaji alimwamkia. Mama mkwe akaitikia kwa sauti tamu aliyoiweka kwa ajili ya wageni, akavuta kiti kingine, akaketi mbele yake magoti kwa magoti.

Alimtazama usoni. Hakuona chochote.

Hilo ndilo kosa, na lilikuwa la Mama Pacha, ingawa yeye mwenyewe hakulijua bado. Alikuwa amefunika kitu cha pekee ambacho kingemfanya mama mkwe ageuke na kushuka ngazi.

"Una uso mzuri, mwanangu," mama mkwe alisema. "Laini. Usimwachie huyu."

Akaeleza, mkono wake ukiwa juu ya goti la mshonaji, kwamba huyu aliyesimama na sponji ni mkwe wake, kwa hiyo anamjua ndani na nje. Ni mzembe, na kila anachoshika kinaharibika. Chakula chake hakipiti kooni, na watoto aliozaa hawajui kusalimia. Binti yake ndiye mwenye mikono, ndiye wa kumtilia sahihi. Mama Pacha alisikiliza yote hayo kama anavyoyasikiliza kila siku, akihesabu dakika. Tisa na dakika ishirini na tano.

Kisha mama mkwe akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka.

"Ananikumbusha msichana wa kazi niliyekuwa naye zamani," alisema. "Mikono hii hii. Aliniunguzia blauzi kwa pasi. Nikamshikisha adabu kwa pasi hiyo hiyo, hapa," na kwa kidole chake akagusa shavu la mshonaji, la kushoto, ili aonyeshe mahali. "Hajaunguza nguo ya mtu tena, nakuhakikishia."

Bibi wa zipu alishika benchi kwa mikono miwili.

Mama Pacha alikiona kidole cha mama mkwe juu ya krimu yake. Alikiona kinasimama. Ngozi chini ya krimu haikuwa laini, na kidole kilikuwa kimeijua kabla ya macho.

Mshonaji aliinuka. Alikwenda mlangoni, akasukuma komeo. Akarudi, akaketi, akachukua pamba kwenye sanduku la Mama Pacha, akailowesha kwa maji ya kufutia. Akaanza kujifuta. Hakuharakisha. Poda ikatoka, krimu nyepesi ikatoka, krimu nzito ikatoka kwa vipande, na ncha ya pasi ikachomoza chini ya jicho, kisha mapana yake, mpaka ikawa yote.

"Mama," alisema. "Waambie blauzi iliungua wapi."

Mama mkwe akauvuta mwavuli wake karibu.

"Uliondoka nayo siku ile kwenda harusini. Nzima. Waambie basi kwa nini ulinichoma."

Mama mkwe alitazama komeo. Akamtazama binti yake, akasema wanaondoka. Wifi hakusogea. Siku za pasi yeye alikuwa shule ya bweni, kisa hiki hakuwahi kukisikia, na ninyi mngedhani angalau angeuliza swali. Hakuuliza. Macho yake yalikuwa kwenye fomu iliyodondoka sakafuni.

Mshonaji akaiokota. Akachukua kalamu ya Mama Pacha, akaichomoa kifuniko.

"Ninyi wawili mnaitaka sahihi yangu," alisema. "Nitampa mmoja. Kazi yenu ni kupaka nusu ya uso. Leo nataka nusu ifutwe." Akamwelekezea mama mkwe ncha ya kalamu. "Ya huyu. Wa kwanza kumfuta ndiye nitakayemwandikia."

Sasa tufike kwenye ule mlango. Miezi minane iliyopita, asubuhi, Mama Pacha alikwenda kuomba chumvi akasukuma mlango wa mama mkwe, na komeo lilikuwa halijafungwa vizuri. Alimwona mbele ya kioo, kabla ya poda. Miaka ya krimu za kujichubua ilikuwa imefanya kazi yake. Mashavu yalikuwa na mabaka ya rangi ya zambarau, ngozi ya chini ya macho imekuwa nyembamba kama ya kitunguu na nyeusi, na puani kulikuwa na vidonda vibichi. Mama Pacha alisema samahani. Jioni ile ile magodoro yake yalikuwa stoo.

Kwa hiyo katika chumba kile watu watatu walijua nini kiko chini ya poda: Mama Pacha, wifi aliyekaa naye nyumba moja, na mwenyewe.

Mama mkwe alikishika kiti chake. Alimwambia mshonaji kwamba ataita polisi. Mshonaji akamwambia awaite, na asisahau kuwaeleza habari za pasi. Bibi wa zipu akasema yeye angekuwa shahidi, na mwandiko wake ni mzuri.

Wifi akamgeukia mama yake.

"Mama," alisema, "ni nusu tu."

Ndugu msomaji, mimi nimezaa, na sentensi hiyo niliiandika nikaiacha mezani nikaenda kuosha vyombo kwanza. Lakini ndivyo alivyosema. Na alipomaliza kusema alikuwa tayari amechukua pamba, amegeuza chupa ya maji ya kufutia, na yanamdondoka kwenye vidole.

"Poda utapaka tena nyumbani," aliongeza. "Kibanda hakitarudi."

Mama mkwe alimtazama binti yake aliyemlipia bweni, kabati la kioo, na viatu alivyovaa. Akamgeukia yule mwingine. Miaka sita alikuwa amemwita "wewe", au "huyo", au "mama wa hao". Sasa sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya wageni wala ile ya nyumbani.

"Mwanangu," alimwambia Mama Pacha. "Usimwache anifanyie hivi. Chumba cha mbele ni chako. Leo leo. Wewe na watoto."

Chumba cha mbele kilikuwa na madirisha mawili na feni. Mama Pacha alikijua, alikuwa anakipiga deki kila Jumatatu.

Alikifikiria. Asiyekubali hilo hamjui mwanamke aliyelala stoo miezi minane na watoto wanaokohoa vumbi la mkaa. Alikifikiria chumba cha mbele, na ufunguo wake, ambao ungebaki kwenye mkoba wa mama mkwe. Kisha akakifikiria chumba cha nyuma ya kibanda, kile cha dirisha moja, ambacho ufunguo wake ungekaa shingoni mwake.

Wifi alikuwa amepiga hatua. Mama Pacha akamdaka mkono hewani, akaichomoa pamba kutoka vidoleni mwake, akamsukuma kando mpaka akaegemea cherehani.

Mama mkwe alishusha pumzi. Mabega yakalegea. Akayafumba macho, akauinua uso wake kuelekea kwa mkwe wake, kama anayepokea maji baada ya safari ndefu, na akasema asante.

Uso ukiwa umeinuliwa hivyo, kazi ni rahisi. Kiongozi hufundisha hilo pia.

Mama Pacha akaweka pamba kwenye paji, upande wa kushoto, akaishusha mara moja mpaka kidevuni.

Kulikuwa na sauti ya pamba tu. Akaikunja, akapitisha upande safi mara ya pili, chini ya jicho na kando ya pua, kwa uangalifu, kingo zikanyooka katikati kama alivyofundishwa. Kulia alibaki Bibi Poda. Kushoto alikuwa mwanamke ambaye hakuna jirani aliyewahi kukutana naye, mwenye mabaka, vidonda, na jicho linalotoa maji.

"Hapa ndipo," Mama Pacha alisema, na akapagusa kwa kidole. Akanyamaza.

Mshonaji alitia sahihi. Alikausha wino kwa kuupepea, akaikabidhi fomu. Tisa na dakika arobaini. Kutoka hapo hadi ofisini kwa Kiongozi, kwa miguu ya haraka, ni dakika kumi na tano.

Wifi alianza kulia kwa hasira, akisema sheria imevunjwa, yeye ndiye aliyelowesha pamba. Mama Pacha alikuwa anakusanya chupa zake. Kisha, kwa sababu kazi ikishaanza mkono hauachi hatua ya mwisho, akachukua kioo cha mkono akakiweka mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe akajitazama.

Mshonaji alisubiri alie. Bibi wa zipu alisubiri alie. Mama mkwe hakulia. Macho yake yalikuwa yameacha uso wake, yamepita juu ya bega lake mwenyewe ndani ya kioo, yakatua kwenye kitu kilichokuwa nyuma yake, ukutani, karibu na pazia la maua. Akakisogeza kioo kidogo ili aone vizuri.

"Shati lile," alisema. "Kifungo cha tatu."

Mama Pacha aligeuka. Shati jeupe la mwanamume, lile lililomsumbua bibi sikioni, lilikuwa kwenye msumari tangu alipoingia. Alikuwa ametumia saa nzima ndani ya chumba hiki na hakuliona, maana halikuwa uso. Kifungo cha tatu kilishonwa kwa uzi mweusi.

"Kumbe pasi haikutosha," mama mkwe alimwambia mshonaji.

Basi sababu ikawa imesemwa, baada ya miaka kumi na saba, na wala si kwa kulazimishwa. Haikuwa blauzi. Ilikuwa mwanawe, na msichana wa kazi, na mama aliyewafumania.

Mama Pacha alimtazama mshonaji. Alitaka kuuliza jambo moja tu, na aliliuliza. Alitaka kujua kama mshonaji alimjua ni nani alipobisha hodi.

"Nilikujua," mshonaji alisema. "Nilitaka kukuona. Nikakuachia uso wangu nione una mikono ya namna gani." Kisha akatabasamu, nusu yenye kovu ikibaki palepale. "Mbona unanitazama hivyo? Mimi nilikuwa wa kwanza kwake. Uso ni wa aliyeuanza, si ndiyo sheria yenu?"

Wifi aliacha kulia. Chini, dukani, mtu alikuwa anajaribu kengele ya mlango, akaacha. Kimya kikawa kirefu, kirefu kiasi kwamba mtu aliyejificha mahali bila kuona angeweza kudhani chumba kimebaki kitupu.

Nyuma ya pazia la maua, mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, mara mbili, cha kusafisha koo. Mama Pacha alilala kando ya kikohozi kile zaidi ya miaka mitano.

"Wameondoka?" sauti ya mwanamume ikauliza.

Pazia lilikuwa hatua tatu kutoka mkono wa kulia wa Mama Pacha. Komeo la mlango lilikuwa hatua tatu kutoka mkono wake wa kushoto. Saa ilisema tisa na dakika arobaini na mbili.

Akafunga sanduku, na ndani yake poda zote, krimu zote, na chupa ya mwisho ya maji ya kufutia. Akaikunja fomu mara mbili akaisukuma kifuani. Akavuta komeo.

"Bado mmoja," alijibu. "Mama yako."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, na alipofika ngazi ya tatu akasikia pete za pazia zikivutwa.